Siku za Papai

Za mwizi ni arobaini. Za papai
nani alizihesabu?
Mimi. Hapa Uyole, chumba cha nyuma,
sakafu inanuka klorini,
kofia ya neti, buti nyeupe za saizi ya mtu mwingine.
Alfajiri ya Juni baridi inauma vidole
kabla kisu hakijapata nafasi.

Papai limepanda usiku kutoka Kyela,
limelalia majani ya mgomba, bado lina joto la kwao.
Tunalimenya, tunalikata,
tunalifunga kwenye kiboksi cha plastiki,
halafu mimi, kwa mhuri wa wino wa bluu,
nalitajia siku yake.

Anyosisye, aliyerudi kutoka Morogoro
na shahada na kipimajoto, ndiye aliyenifundisha:
Likikatwa halijafa. Linapumua.
Linakula sukari yake lenyewe,
kama mtu aliyefungiwa ghalani na akiba ya mwisho.
Ukilipasha joto linahema,
na kila pumzi inakatwa kwenye siku zake.

Tukaweka rafu ya mashahidi.
Kila tukikata, viboksi kadhaa haviendi sokoni,
vinabaki kwenye friji kutoa ushahidi.
Nafungua kimoja kila asubuhi, naandika kwenye kaunta buku:

Siku ya pili: kipande kigumu, harufu ya shambani.
Siku ya nne: maji chini, kijiko kimoja.
Siku ya tano: maji vijiko vitatu, kingo zimelegea.
Siku ya sita: kifuniko kimevimba
kama shavu la mtoto aliyeficha pipi.
Siku ya saba: togwa.

Basi tunapiga mhuri wa siku tano.
Ya sita, mimi nasema ni ya Mungu;
Anyosisye anasema ni nafasi ya kosa.

Watu husema, tutajua mbivu na mbichi.
Mbivu na mbichi hata kuku anajua.
Njoo unitenganishie mbivu na mbovu,
irabu moja tu katikati,
na hiyo irabu haibishi hodi.

Mwezi wa tisa ikaja simu ya Morogoro.
Siku ya tatu, dada, na lina povu.
Nikaenda kwenye rafu. Pacha wake alikuwepo:
papai lile lile, kisu kile kile, mhuri ule ule,
anang'aa, hana habari.

Anyosisye akaficha kwenye kreti
kipimajoto kidogo kama kifungo cha koti.
Kilishuka na mzigo, kikarudi na maneno yote:
Makambako nyuzi nane.
Iringa kumi na mbili.
Kitonga, joto likadandia bila tiketi.
Ruaha Mbuyuni thelathini na nne,
saa tatu, gari limeegeshwa,
dereva anakula nyama.

Kumbe nilikuwa naandika siku za Uyole
kwenye tunda la safari.

Sasa nina mihuri miwili.
Wa hapa, tano. Wa kushuka, mbili.
Bosi Mwaisumo akakunja uso:
siku mbili si biashara, ni msiba.
Sikumjibu. Kiboksi cha Morogoro
kilikuwa kimerudishwa na basi la usiku.
Nikamfungulia.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu.
Kisha akauliza bei ya barafu.

Jambo moja halimo kwenye hesabu.
Jumamosi iliyopita, nikisafisha rafu,
kiboksi cha siku ya tisa, nyuma kabisa, nilikisahau.
Kifuniko bapa. Maji hakuna.
Nilinusa mara tatu, nikamwita Anyosisye anuse.
Alinusa, akatazama dari.
Vya umri huo huliwa na nguruwe wa jirani,
naye hasomi tarehe.

Nilikula kipande kimoja nimesimama,
karibu na sinki, tayari kutema.
Kilikuwa kitamu.

Kwenye kaunta buku hapakuwa na mstari wake.
Nimeandika pembeni: kimoja kimekataa.
Nimeandika kwa penseli.